Govi linalowasha, kuchubuka au kubana: jinsi ya kulitibu bila kuzidisha tatizo

Ukianza kuwashwa chini ya govi, kitu cha kwanza kukujia kichwani ni sabuni. Unahisi ni uchafu, basi unasugua. Kesho yake panawasha zaidi, unaiacha sabuni ya kuogea unachukua ile ya dawa, na siku ya tatu ngozi imechubuka kiasi kwamba hata maji yakigusa yanachoma. Hapo ndipo wengi huingia duka la dawa, wakaomba kwa sauti ya chini dawa ya fangasi ya kupaka, wakapewa tyubu moja yenye dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Mwasho unatulia siku chache kwa sababu steroidi imeunyamazisha. Tyubu ikiisha mwasho unarudi, na safari hii umebadilika sura hivi kwamba hata daktari hapati urahisi wa kujua ulianzia wapi.

Utaratibu unaofaa ni kinyume cha huo. Kwanza unaacha kila kitu, pili unaangalia kwa makini, tatu unachagua dawa moja na kuimaliza.

Ngozi ya eneo hili

Ngozi ya ndani ya govi na ile ya kichwa cha uume ni laini kuliko ya mkono au paja, na hukaa kwenye joto na unyevunyevu muda wote. Chini ya govi hujikusanya utando mweupe unaotokana na seli zilizokufa na mafuta ya mwili. Huo si ugonjwa. Ukiachwa siku nyingi hunuka, hukauka na kukwaruza, na vijidudu hupata pa kukaa. Lakini ukiusugua kwa sabuni mara tatu kwa siku, unaondoa pia mafuta yanayoilinda ngozi. Asiyeosha na anayeosha kupita kiasi wote huishia kujikuna.

Kabla ya kuhangaika, jua pia vitu ambavyo si tatizo. Vinundu vidogo sana vilivyojipanga mstari mmoja au miwili kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume, vyote vya ukubwa mmoja, visivyouma wala kuwasha, ni maumbile. Vivyo hivyo vidoa vidogo vya manjano au vyeupe kwenye ngozi ya shina la uume: ni vitezi vya mafuta. Haviambukizwi, havitibiwi, na wanaojaribu kuviunguza kwa dawa za kienyeji ndio huja na makovu.

Siku 3 hadi 5 za mwanzo: ondoa vichokozi

Kama kuna kidonda, malengelenge, usaha unaotoka kwenye tundu la mkojo, homa au mitoki iliyovimba kinenani, usisubiri siku hizi. Nenda kituo cha afya leo.

Kama ni mwasho, wekundu au kuchubuka tu, acha sabuni ya aina yoyote sehemu hiyo. Acha dawa za kuua vijidudu za maji, spiriti, limau, dawa ya meno, mafuta ya manukato, poda na tishu za maji zenye harufu nzuri. Dawa ya zambarau, GV, nayo iache: kwenye ngozi hii inaweza kuchoma na kuacha vidonda, na rangi yake inamzuia mhudumu asione kilicho chini.

Osha mara moja kwa siku, mara mbili ukitoka jasho sana, kwa maji ya uvuguvugu peke yake. Vuta govi nyuma taratibu hadi pale linapokubali bila maumivu. Mwagia maji kwenye mfereji ulio nyuma ya kichwa cha uume, maana utando hujificha hapo, na upitishe kidole bila kusugua. Kama utando umegandamana usiubandue kwa kucha. Paka mafuta ya mgando kidogo, subiri dakika kumi, kisha osha. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi cha pamba, usipanguse kwa kuburuta. Acha hewa ipite dakika moja au mbili, halafu rudisha govi mbele. Hili la mwisho watu hulisahau, na tutaona madhara yake huko chini.

Ngozi ikiwa imechubuka, maji ya chumvi yanatuliza. Chemsha nusu lita ya maji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi bila kukijaza mlima, acha yapoe hadi vuguvugu. Mimina kwenye kikombe au bakuli safi, loweka dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, kisha kausha. Chumvi ikizidi inachoma na kukausha. Kuongeza kipimo hakuharakishi kupona. Baada ya kukausha unaweza kupaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, tabaka jembamba tu, ili mkojo usiguse moja kwa moja penye mchubuko.

Ukikojoa, vuta govi nyuma kidogo, maliza matone, gusisha tishu kavu. Mkojo unaobaki chini ya govi ndio huwasha wengi, hasa wenye umri mkubwa ambao matone hayaishi mara moja.

Nguo za ndani ziwe za pamba na zisibane. Sabuni ya unga inayobaki kwenye boksa baada ya kufua ni kichokozi kamili, hivyo suuza maji mawili, matatu kama maji bado yanatoa povu. Dereva wa bodaboda au lori anayekaa kwenye kiti saa kumi na boksa ya nailoni asishangae. Abebe ya kubadilisha mchana.

Tendo la ndoa pamoja na kujichua visimame kwa siku hizo. Msuguano juu ya ngozi iliyochubuka unafuta kazi yote ya maji ya chumvi.

Ikiwa tatizo lilikuwa sabuni, jasho au msuguano, siku ya tatu utaona nafuu ya wazi na ndani ya wiki pametulia. Huhitaji dawa ya ziada.

Kama hapajatulia: angalia vizuri

Tumia mwanga wa kutosha na kioo kidogo. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu wa nje hauonekani vizuri. Tafuta mng'ao usio wa kawaida, rangi iliyokolea au iliyofifia, na mipasuko. Ndani ya govi wekundu huonekana kirahisi zaidi.

*Fangasi.* Kichwa cha uume kina mabaka mekundu yanayong'aa, pengine na vipele vidogo vidogo au utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Panawasha na kuchoma, hasa baada ya tendo la ndoa. Ukingo wa govi huweza kupasuka mipasuko midogo inayouma unapolivuta nyuma. Mara nyingi umetoka kumaliza antibayotiki, au sukari yako iko juu, au mwenza wako ana mwasho na uchafu mzito mweupe ukeni.

*Bakteria.* Hapa harufu ndiyo inayotangulia: ya samaki au ya kuoza, na majimaji ya manjano au ya kijivu chini ya govi. Ikiwa govi limevimba na kuuma, anahitajika mtu wa kukupima na kukuandikia antibayotiki. Usinunue vidonge viwili vitatu vya kubahatisha.

*Mzio na vichokozi.* Ngozi imekauka, inachubuka, inawasha, na ukikumbuka vizuri kuna kitu kipya: sabuni, kondomu ya aina nyingine, kilainishi, mafuta. Kama shida huja kila baada ya kutumia kondomu ya mpira wa kawaida (lateksi), ulizia zisizo za lateksi kabla ya kuacha kondomu kabisa. Zile zilizopakwa dawa ya kuua mbegu za kiume huchokoza zaidi, ziepuke.

*Doa la dawa.* Hili huwapotosha wengi. Ndani ya saa chache baada ya kumeza dawa fulani, linatokea doa moja la mviringo kwenye kichwa cha uume au govi, linachoma, linaweza kutoa lengelenge na kuchubuka. Linapona, linaacha alama nyeusi. Ukimeza dawa ileile tena, hurudi palepale. Dawa za sulfa kama septrin na SP ya malaria zinajulikana sana kwa hili, na pia doksisaikilini na baadhi ya dawa za maumivu. Mtu anajitibu ugonjwa wa zinaa miezi kadhaa kumbe ni kidonge. Andika jina la dawa na umwambie daktari. Kama ni septrin unayopewa kliniki kila siku, usiikatishe kimyakimya, nenda wakubadilishie. Lakini vidonda vikitokea pia mdomoni au machoni, au ngozi ya mwili ikaanza kutoka malengelenge na homa, acha dawa na kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

*Upele.* Vinundu vinavyowasha kwenye uume na korodani, usiku zaidi, pamoja na vipele katikati ya vidole, viganjani na kiunoni. Krimu ya fangasi haitafanya kitu. Kinachotibu ni losheni ya benzili benzoeti ya 25% au krimu ya pamethrini ya 5%, mwili mzima kuanzia shingoni kushuka, na wote mnaolala nyumba moja mtibiwe siku moja. Losheni ya benzili benzoeti inachoma sana penye mchubuko. Kwa sehemu za siri pamethrini ni nafuu zaidi.

*Magonjwa ya zinaa.* Kidonda kimoja kigumu kisichouma kinaweza kuwa kaswende, na kinapotoweka chenyewe baada ya wiki kadhaa ugonjwa haujaondoka, umezama ndani. Malengelenge mengi yaliyokusanyika, yanayopasuka kuwa vidonda vinavyouma, huashiria herpesi. Vidonda laini, vichafu, vyenye maumivu makali na mtoki uliovimba huashiria ugonjwa mwingine tena wa zinaa. Haya hayapimwi kwa macho nyumbani. Kaswende ya mwanzo hutibiwa kwa sindano ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, mara moja, na hakuna krimu inayochukua nafasi yake. Omba pia kipimo cha VVU.

*Mabaka meupe.* Ngozi imepauka, imekuwa ngumu na kubana kama kovu, govi halirudi tena kama zamani, pengine mkondo wa mkojo umekuwa mwembamba. Huu ni ugonjwa wa ngozi usioambukiza, lakini ukiachwa hufunga tundu la mkojo na huongeza uwezekano wa saratani. Hutibiwa kwa steroidi kali chini ya daktari, na mara nyingi kwa tohara.

Kutibu fangasi ipasavyo

Nunua krimu ya klotrimazoli ya 1% yenye dawa hiyo peke yake. Soma nyuma ya pakiti: ukiona betamethasoni, klobetasoli, jentamaisini au neomaisini, rudisha. Osha kwa maji, kausha, kisha paka kiasi cha punje ya kunde kwenye kichwa cha uume na upande wa ndani wa govi, asubuhi na usiku. Krimu nyingi kupita kiasi hutengeneza tope la unyevu ambalo fangasi hulipenda.

Endelea siku 14, hata kama mwasho umeisha siku ya nne. Kosa linalorudisha tatizo kuliko yote ni kuacha mapema. Pakiwa pamevimba na kuwasha sana, mhudumu anaweza kukuongezea krimu ya haidrokotisoni ya 1% kwa siku chache, ikitumika pamoja na klotrimazoli wala si badala yake. Hali ikiwa kali zaidi kuna kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150. Mwambie mfamasia kwanza kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda, au glibenklamidi ya kisukari, kwa sababu flukonazoli huzidisha nguvu za dawa hizo.

Krimu hizi pamoja na mafuta ya mgando hudhoofisha kondomu za lateksi. Usitegemee kondomu siku za dawa, subiri. Mwenza mwenye dalili atibiwe wakati uleule, la sivyo mtarudishiana. Asiye na dalili hana haja ya dawa kwa tukio la kwanza.

Ikirudi, pima sukari

Mwanamume aliyepata fangasi ya govi mara mbili au tatu ndani ya mwaka, au mwenye mipasuko ya ukingo wa govi isiyopona, asinunue tyubu nyingine kabla ya kupima sukari. Kisukari wakati mwingine hujitangaza hapo kabla ya dalili nyingine. Sukari ikizidi kwenye damu huvuja kwenye mkojo, na kila tone linalobaki chini ya govi linawalisha fangasi. Unapaka, wao wanakula.

Kipimo cha kidole kinapatikana kwenye zahanati nyingi. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula, 7.0 mmol/L au zaidi ni kiwango cha kisukari. Kipimo hurudiwa au kuthibitishwa maabara. Wakati wowote wa siku, 11.1 na kuendelea, pamoja na kiu na kukojoa sana, haisubiri. Aliye tayari kwenye matibabu aangalie dawa zake: zile za kundi la dapaglifloziini na empaglifloziini hufanya kazi kwa kutoa sukari kupitia mkojo, kwa hiyo fangasi ni madhara yake yanayojulikana. Mwambie daktari, usiache mwenyewe.

Govi linalobana

Kwa mtoto mdogo, govi lisilorudi nyuma ni kawaida kabisa. Hujiachia lenyewe kadiri anavyokua, wengine hadi kubalehe. Kulivuta kwa nguvu wakati wa kumwogesha kunachana ngozi, na kovu la mchano huo ndilo hubana kweli ukubwani. Wazazi na mashangazi, mwacheni.

Kwa mtu mzima ambaye govi limeanza kubana, tibu kwanza fangasi au mchubuko uliopo. Pakipona bado linabana na hakuna mabaka meupe, daktari anaweza kukuandikia krimu ya betamethasoni ya 0.05%. Hupakwa mara mbili kwa siku kwenye ile pete inayobana tu, tabaka jembamba, kwa wiki 4 hadi 8. Baada ya wiki ya kwanza unaanza kunyoosha: wakati wa kuoga kwa maji ya uvuguvugu, vuta govi hadi usikie mkazo bila maumivu, shikilia nusu dakika hivi, achia, rudia mara chache. Likitoka damu umezidisha. Pumzika hadi mchano upone. Usipake steroidi hii kila mahali wala kuiendeleza miezi, kwa kuwa huikondesha ngozi.

Kamba ndogo iliyo chini ya kichwa cha uume nayo huchanika wakati wa tendo, na damu yake hutisha kuliko jeraha lenyewe. Bana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Isiposimama, nenda hospitali. Ikisimama, pumzika hadi pafunge kabisa. Ikichanika mara kwa mara, kuna upasuaji mdogo wa kuirefusha.

Govi lililokwama nyuma ni dharura

Govi likivutwa nyuma likaachwa huko, pete yake hukaba shingo ya uume, kichwa huvimba, na kadiri kinavyovimba ndivyo linavyozidi kushindwa kurudi. Hutokea baada ya kuoga, baada ya tendo, na hata baada ya mgonjwa kuwekewa mpira wa mkojo.

1. Lala chali. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika chache kupunguza uvimbe. Usigusishe barafu moja kwa moja kwenye ngozi.
2. Shika kichwa cha uume kwa kiganja na ukiminye kwa nguvu ya wastani, bila kuachia, dakika 5 hadi 10. Lengo ni kusukuma majimaji yaliyojaa yatoke.
3. Paka kilainishi. Vidole gumba viwili viweke kwenye kichwa cha uume, vidole vingine nyuma ya pete ya govi. Sukuma kichwa kirudi ndani huku ukivuta govi mbele.

Jaribu mara moja au mbili. Likigoma, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kichwa kikigeuka cheusi au cha buluu, au kikifa ganzi, usijaribu lolote nyumbani.

Tohara

Anayesumbuliwa mara kwa mara, mwenye govi linalobana lisilosikia krimu, au mwenye mabaka meupe, tohara humaliza mengi ya haya. Haifanywi wakati pamevimba au kuna vidonda, patulizwe kwanza. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza mwaka 2007, kufuatia tafiti za Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini) zilizoonyesha kwamba hupunguza kwa takriban 60% hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke, Tanzania, Kenya na Uganda zimeendesha huduma hiyo vituoni. Ulizia kituo cha karibu. Baada ya kukatwa ni wiki 6 bila tendo la ndoa wala kujichua, hata kama juu panaonekana pamefunga.

Siku ya kwenda kuonwa

Kidonda au uvimbe wowote usiopona ndani ya wiki 4, unaotoa damu au unaokua, uonwe na daktari wa ngozi au wa njia ya mkojo, na ukatiwe kinyama cha kupima. Saratani ya uume ni nadra, na wengi huchelewa kwa aibu, wakipakapaka.

Asubuhi ya siku hiyo usipake kitu chochote, maana krimu huharibu kipimo cha majimaji. Kama unatokwa na usaha, jitahidi usikojoe saa moja au mbili kabla ya kuchukuliwa sampuli. Beba tyubu zote ulizotumia, hata zilizoisha, pamoja na dawa unazomeza. Ukiona haya kwa mhudumu aliyekaa dirishani, sema tu una tatizo la ngozi sehemu za siri na ungependa chumba cha faragha. Mengine utamweleza daktari mlango ukishafungwa.